Siku niliposema wafadhili walibweka

Kibanda cha mkalimani ni kidogo kama kibanda cha kuuzia vocha, ila hiki kina kiyoyozi. Mnakaa wawili, kila mmoja na hedifoni zake, mnapokezana kila baada ya nusu saa hivi, maana ubongo ukizidishwa hapo unaanza kutoa moshi. Siku hiyo zamu ilikuwa yangu. Hoteli siitaji na wenye semina siwataji. Inatosha kusema ilikuwa upande wa baharini na chai ilikuja na sambusa za nyama.

Mzungumzaji alikuwa Mmarekani mrefu, anaongea kama mtu anayekimbilia daladala la mwisho. Alikuwa anasimulia jinsi mradi ulivyokwama, akafika mahali wafadhili walipoonyeshwa bajeti. Masikio yangu yakapokea "barked at". Bila kupepesa macho nikamimina kwenye maikrofoni: "Wafadhili walipoiona bajeti hiyo, waliibwekea."

Ukumbini vichwa vikainuka kwa pamoja. Wengi walikuwa maofisa ugani na viongozi wa vikundi vya wakulima. Mzee mmoja mstari wa pili akavua hedifoni, akaitazama, akaivaa tena. Mama mmoja akacheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio. Mmarekani akadhani amechekesha, akatabasamu, akaendelea na safari yake. Mwenzangu wa kibandani, dada aliyeianza kazi hii mimi nikiwa bado sekondari, akanizimia maikrofoni, akachukua kalamu, akaandika kwa herufi kubwa: BALKED. L HAISOMWI. Chini yake akachora mbwa.

Karatasi hiyo ninayo. Iko kwenye droo pamoja na risiti za Luku.

Tatizo la kwanza ni hiyo L. Kiswahili kimetudekeza: kilichoandikwa ndicho kinachosomwa, hakuna herufi inayokaa bure ndani ya neno. Kiingereza kina herufi za mapambo. L ya balk ni ile ile ya walk, talk na chalk, ipo kwenye karatasi, mdomoni haipo. Wapo wenyeji wa lugha hiyo wanaoitamka, na kamusi haziwagombezi, lakini wengi wanaimeza. Waingereza nao mara nyingi huongeza U na kuandika baulk, kana kwamba L moja isiyo na kazi haikuwa inatosha. Ukichanganya na Mmarekani anayeitanua ile sauti ya katikati, bark, balk, back na bulk zote kwa sikio la Tabata zinakuwa ndugu wa tumbo moja. Na kibaya zaidi, bark na balk zote zinafuatwa na "at". Najitetea, ndiyo.

Lakini aibu yangu haikuishia kwenye kusikia vibaya. Dada yule aliponiandikia neno sahihi, nilikuwa na sekunde kama tatu za kurekebisha, na katika sekunde hizo tatu nikagundua kwamba hata ningelisikia vizuri, nisingekuwa na Kiswahili chake cha neno moja: balk ni kusimama ghafla mbele ya jambo ulilokuwa unaliendea. Nikasema "samahani, walikataa". Dada akatikisa kichwa. Hawakukataa. Dakika kumi baadaye Mmarekani alifika mahali wafadhili walipotoa pesa.

Nimekulia Meatu, enzi hizo tukihesabiwa Shinyanga, Simiyu haijawa mkoa. Likizo ya Desemba kwetu haikuwa ya kupumzika, ilikuwa ya kulima. Babu nyuma ameshika mikono ya plau, mimi mbele nawaongoza maksai kwa kamba. Wa kulia alikuwa anaitwa Meli, wa kushoto Kijiko. Meli alikuwa ng'ombe wa kawaida tu. Kijiko alikuwa na lake jambo na kichuguu kimoja kilichokuwa katikati ya shamba.

Tunakwenda vizuri, udongo unapinduka, yangeyange wanatufuata nyuma kuokota wadudu. Zikibaki hatua kumi kufika kichuguuni, masikio ya Kijiko yanarudi nyuma. Zikibaki tano, miguu ya mbele inanyooka kama vigingi na kwato zinazama. Meli bado anavuta, nira inapinda, mnyororo unagonga. Kijiko halali chini, hatikisi pembe, hakimbii. Anasimama tu, anakitazama kile kichuguu kama mtu anayesoma bili ya hospitali. Nikivuta kamba shingo inakuja, mwili haufuati. Babu anapiga mluzi, anatukana kwa Kisukuma kwa maneno ambayo siwezi kuyatafsiri hapa hata kwa malipo, kisha anainua plau, tunakizunguka kichuguu, tunaishusha upande wa pili. Nyuma yetu kinabaki kipande kirefu cha ardhi chenye majani yake, hakijaguswa.

Jioni Babu ananipeleka kwenye kipande hicho na jembe la mkono. "Na hiki umemwachia nani?"

Usiku ule wa semina, niko nyumbani Kimanga, umeme umekatika, simu ina chaji asilimia 14, nikafungua kamusi ya asili ya maneno ya Kiingereza nimtafute huyu balk. Nikamkuta Kijiko. Kwenye Kiingereza cha kale kabisa neno lilikuwa balca, maana yake tuta. Baadaye likawa jina la ukanda unaoachwa bila kulimwa kati ya mifereji ya plau, mwingine kwa makusudi kama mpaka, mwingine kwa uzembe. Mwishoni mwa karne ya 14 likawa kitenzi: kuruka kipande wakati wa kulima. Kutoka hapo, kuacha jambo kwa makusudi. Mwishoni mwa karne ya 15 tayari lilikuwa linasemwa kwa farasi anayefika mbele ya kikwazo na kusimama ghafla, na karne iliyofuata likaanza kusemwa kwa binadamu. Yaani historia ya miaka mingi, kutoka ardhi isiyolimwa mpaka mnyama aliyegoma, ilikuwa inatokea shambani kwa Babu kila Desemba ndani ya dakika tano, ila kwetu mnyama ndiye aliyeanza na kipande kikafuata.

Simu ikazima. Nikalala nikiwa na furaha ya ajabu kwa mtu aliyeaibika mbele ya ukumbi mzima.

Kesho yake nilisoma zaidi, na nitasema moja tu, maana mke wangu ameshaniambia si kila mtu anapenda ukoo wa maneno. Kuna tawi la ukoo huo lililobaki na maana ya boriti. Kijerumani mpaka leo boriti ni Balken, na ile boriti iliyo jichoni mwa mtu kwenye Mathayo sura ya 7, Wajerumani wanaisoma Balken. Waitaliano walichukua mbegu hiyohiyo kutoka kwa watu wa upande wa Wajerumani, wakapata balcone, ndiyo iliyotufikia sisi ikiwa balkoni. Kwa hiyo ukianika shuka zako kwenye balkoni ghorofa ya tatu Kariakoo, umeanika kwa binamu yake Kijiko.

Sasa matumizi. Vijana wanaokuja kujifunza kazi kwetu huandika "he balked to pay". Hapana. Balk haipendi "to". Inapenda "at", na baada ya "at" inataka jina au kitenzi chenye -ing: he balked at the price, he balked at paying. Inaweza pia kusimama peke yake, the horse balked, basi. Kuna matumizi ya zamani ambapo mtu "anabalkiwa" kitu, yaani ananyimwa alichokuwa karibu kukitia mkononi, lakini hayo utayakuta zaidi vitabuni. Magazeti ya Kiingereza yanalipenda sana neno hili kwenye vichwa vya habari kwa sababu lina herufi nne tu na linabeba habari nzima: wazazi na ada, wabunge na muswada, wapangaji na kodi.

Kinachowaponza watafsiri ni kwamba balk haisemi mwisho umekuwaje. Hapo ndipo nilipopotea kibandani. Mtu anaweza ku-balk halafu akalipa, au aka-balk na asilipe. Neno linakamata ile nukta tu, kwato zinapozama. Na ili iwe balk, lazima kwanza uwe ulikuwa unakwenda. Aliyekaa nyumbani tangu mwanzo hawezi ku-balk. Kijiko angekuwa zizini tusingemsema.

Wamarekani wana balk nyingine kwenye beisiboli. Mrushaji akianza mwendo wa kurusha mpira halafu akausitisha wakati wapinzani wapo njiani kwenye vituo, mwamuzi anaita balk, na kila mkimbiaji anasogea kituo kimoja mbele bure. Kwetu kilicho karibu nacho ni mpiga penalti anayemaliza kukimbia, anafika kwenye mpira, anajifanya kupiga, anasimama ili kipa alale. Sheria inamkataza, na kadi ya njano anaipata. Tumeelewana, tuendelee.

Kwa wiki mbili nilitembea Dar na neno hili kama mtu mwenye kibanzi kidoleni. Nilianza kuliona kila mahali. Konda anayepiga kelele "twende twende", akiona kundi la sare za shule kituoni mguu wake unarudi mlangoni na sauti inapungua. Hajawakataza kupanda. Fundi uliyemwita kuziba bomba, anafika na begi lake, anafunua mfuniko, anaona kilichomo, anasimama wima na kuanza kukuuliza habari za watoto.

Na bodaboda. Saa tatu usiku, Mwenge, mawingu yameshuka. Namwambia kijana Tabata Kimanga.

"Kimanga ipi, ya ndani?"

"Ya ndani."

Akaangalia mawingu. Akaangalia tairi ya mbele. Akafungua mfuniko wa tangi, akaitikisa pikipiki kusikia mafuta yanavyocheza, akafunga. "Elfu saba."

"Nina tano."

Alikuwa ameshazungusha ufunguo, taa ya mbele imewaka. Akauzungusha kurudi. Taa ikazima. Akakaa hivyo, mikono kwenye usukani, anatazama barabara ya Sam Nujoma kana kwamba inamdai. Mimi nimesimama na begi langu, nasahau kabisa kwamba nina haraka, nasema moyoni: hii hapa. Hii ndiyo yenyewe.

"Haya panda," akasema, "ila ile njia ya kwenu siipendi."

Kama ni pikipiki ndiyo ingekataa, neno ningekuwa nalo tayari: imegoma. Sisi kwa vyombo hatuna shida. Gari limegoma kuwaka, mtandao umegoma, Luku imegoma kupokea tokeni, hata goti la mzee linagoma asubuhi. Na kwa mnyama pia, Kijiko aligoma, hakuna Mswahili atakayebisha. Lakini ukimwambia mwenye bodaboda kwamba amegoma, umemtia kwenye mgomo, na mgomo ni kitu kingine. Mgomo una msimamo, una wenzako na una kesho yake.

Hilo nililijua vizuri kwa sababu wakati huohuo nilipata kazi ya maandishi, ripoti ya kurasa 60 kuhusu masoko ya mazao, na ukurasa wa 11 ukanipiga usoni: "Farmers balked at the opening price." Nikaandika "wakulima waligomea bei ya awali", nikaipeleka, nikalala. Mhariri wa mteja akairudisha na alama nyekundu. Alikuwa sahihi, ingawa aliandika kama mtu anayemsahihisha mtoto wa darasa la pili. Wakulima kugomea bei sote tunaijua sura yake. Oktoba 2018 wakulima wa korosho kule kusini walizikataa bei za mnadani, wakasimamia hapo hapo, na mwezi uliofuata Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itainunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuibeba. Huko ndiko kugomea. Wakulima wa ripoti yangu, ukifika ukurasa wa 12, waliuza mchana uleule.

Nikaandika "walisita". Nikaisoma kwa sauti. Kusita ni neno zuri lakini ni la mtu aliye peke yake na mawazo yake, limetulia mno, mtu anaweza kusita wiki nzima na usijue. Nikajaribu "walisuasua", ikawa kama wamechoka. "Walishtuka", sawa, ila kushtuka ni kwa moyo, kunampata mtu bila yeye kupenda. "Walirudi nyuma" ikaleta picha ya watu wanarudi nyuma kweli, ukumbi mzima. Vijana wana "kuchomoa" na "kutoa nje", lakini zote mbili zimeshafika mwisho, ni hapana tayari. Nikaacha nafasi wazi kwenye sentensi, nikaipaka njano, nikaenda kununua samaki.

Kuna mama anauza samaki karibu na stendi yetu, ana meza ya mbao iliyofunikwa kwa karatasi ya nailoni na ndoo ya maji ya kunyunyizia. Mbele yangu alikuwepo baba mmoja mwenye mfuko wa rambo mkononi, tayari ameshaufungua mdomo. Amechagua changu mkubwa, amemfunua mashavu akaona mekundu, amembonyeza tumbo, ameridhika. Mfuko unasogea kwa samaki.

"Huyu?"

"Kumi na mbili."

"Mh!"

Mfuko ukasimama hewani. Hakuurudisha, hakuusogeza. Sauti ilitoka puani, mdomo umefungwa, kidogo tu, fupi kama mtu aliyekanyaga kokoto pekupeku.

Mama hata hakuinua macho, alikuwa anamparua mwingine magamba. "Usigune," akasema. "Sema una ngapi."

Nilisahau nilichofuata. Nikanunua samaki kwa bei aliyotaja, bila kuguna, jambo ambalo mke wangu alinisema nalo jioni nzima.

Kuguna! Neno lilikuwa limekaa mlangoni kwetu wakati wote. Mwingereza aliliweka jambo hili miguuni, kwa sababu kalitoa kwa plau na farasi. Sisi watu wa pwani na wa sokoni tumeliweka kooni. Mtu anayeguna hajasema ndiyo wala hapana. Bado yupo mezani, mfuko bado uko wazi, na kila mtu pale amesikia. Na kama balk, huwezi kuguna kabla ya kuambiwa: lazima uwe ulikuwa unaliendea jambo, ndipo litajwe, ndipo utoe ile mh. Halifai kila mahali, nakubali. Farasi haguni. Bodaboda wangu wa Mwenge hakuguna, alizima taa, na yeye mpaka sasa sina neno lake, labda nimwandikie sentensi nzima. Lakini kwa watu na bei, sioni linalolizidi.

Nikarudi kwenye ile sehemu ya njano: "Wakulima waliguna walipotajiwa bei ya awali." Kwa muda nilijaribiwa kuandika "waligunia bei", kisarufi ipo na ni fupi, lakini habari yenyewe ilikuwa ya magunia ya mahindi, na nikaona mhariri yule hana uso wa kupokea utani. Nikatuma. Ikarudi siku iliyofuata na swali pembeni: je, hili si neno la mtaani? Nikamjibu kwamba kamusi za Kiswahili sanifu zinalo na zimekuwa nalo muda mrefu, na kwamba hata kama lingekuwa la mtaani, wakulima wenyewe hawakuwa ofisini. Sentensi ya pili niliifuta kabla ya kutuma. Neno likapita.

Wiki iliyopita wameniandikia tena. Ripoti nyingine, kurasa 90, wanaitaka ndani ya siku nane. Barua ni ya heshima, wamesema wamefurahishwa na kazi ya kwanza, nikawa nasoma huku mkono wangu mmoja umeshafungua kalenda kuhesabu siku. Nikafika aya ya mwisho, penye malipo kwa ukurasa.

Mke wangu alikuwa jikoni, mgongo kwangu, anakuna nazi. Hakugeuka. "Wamesema ngapi?" akauliza.